Semina ya Kuzaa Isiyo na Pilau

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo Zamzam amenipa sharti. Mimi! Mohdhar! Mtu mwenye vyeti kumi na saba ukutani!

Mambo yenyewe ni haya. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Kwao Kipini, mimba ya kwanza binti hurudi kuzaa kwa mama yake, na akishazaa hakai siku mbili tatu. Hukaa mpaka arubaini ipite. Mama mkwe wangu, Bi Fatma, ameshatandika kitanda na kusaga pilipili manga. Maana yake mimi nibaki hapa Garsen na sufuria tupu, na mwanangu amjue bibi yake vizuri kabla ya kusikia kwamba ana baba. Sitaki. Nataka niwepo siku hiyo. Nataka nimsikie akilia mara ya kwanza kwa masikio yangu haya.

Nimemwambia Zamzam hivyo hivyo. Akasema sawa, atazaa Garsen, lakini niende naye masomo ya wazazi watarajiwa pale zahanati. Jumanne na Alhamisi, wiki mbili. Mara nne. Niende na akili yangu, siyo makalio tu. Nikileta mchezo, yeye huyo Kipini.

Nimecheka moyoni. Kuhudhuria ndiyo kazi yangu! Kibanda cha kuchaji simu ni cha kupitishia wakati tu. Nimehudhuria semina ya ufugaji wa nyuki (sina nyuki), ya amani kati ya wakulima na wafugaji (silimi, sifugi), hata ya uongozi wa wanawake, ambako nilichaguliwa katibu. Nina fulana ishirini na mbili na hakuna hata moja niliyonunua. Kanuni yangu ni moja: karatasi ikipita, saini. Usisome. Nimeona watu wakisoma karatasi mpaka pilau ikaisha.

Siku nne nzima! Nimelala na njaa kwa makusudi.

Jumanne, 4 Novemba

Nimewahi. Fulana ya malaria, kalamu mbili. Nikachagua kiti karibu na mlango wa jikoni.

Si jikoni. Ni stoo ya vyandarua.

Hakuna chai. Hakuna mandazi. Hakuna hata chupa ya maji. Kuna mtungi na kikombe kimoja kwa watu wote. Nimemuuliza Sista Hamdia, mwalimu wetu, marupurupu yanatolewa saa ngapi. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akasema marupurupu yangu yako tumboni mwa mke wangu. Wanawake wanane wakacheka. Zamzam naye!

Waume tulikuwa watatu. Mmoja alilala. Mwingine ni Dahir, mfanyabiashara wa ng'ombe, jirani yangu pale sokoni. Mkewe Hibaq ana mimba ya nne. Sista akauliza dalili za hatari kwa mjamzito. Nikanyoosha mkono wa kwanza, nikasema ni ukosefu wa uwezeshaji kwa wadau. Dahir akasema kutokwa damu, kichwa kuuma sana, miguu na uso kuvimba, mtoto kuacha kucheza. Sista akasema huyu anaweza kumsaidia kufundisha. Baadaye nikamuuliza Dahir amesomea wapi. Akasema kwa ng'ombe.

Sista alieleza mengi. Kwamba siku yenyewe mume anaweza kuletewa karatasi ya kukubali mkewe apasuliwe, basi aisome, aulize, ndipo asaini. Zamzam akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa kwa heshima zote. Halafu akatangaza kwamba mwezi ujao daktari atakuja kutoka Malindi kwa ajili ya wanaume waliotosheka na watoto na wanaotaka kufunga uzazi moja kwa moja. Kisu kidogo tu, unakuja na kikoi, unarudi na kikoi, unapumzika siku mbili, kwisha. Dahir akatazama dari. Yule aliyelala akaamka. Mimi nilicheka mpaka Zamzam akanifinya. Mwanamume gani mwenye akili zake atajiandikisha?

Karatasi mbili zikapita. Nimesaini zote, jina la kwanza juu kabisa, mbele ya Dahir. Ile ya pili ilikuwa na safu nyingi. Safu nyingi ni dalili njema.

Alhamisi, 6 Novemba

Ile ya pili ilikuwa ya watakaotoa damu.

Nimeitwa kwa jina mbele ya darasa. Sista akanisifu: wa kwanza kujitolea, kwa hiari yake! Wanawake wakapiga makofi. Zamzam alifurahi kwelikweli, na sikuwa na moyo wa kumharibia. Nikajilaza kitandani. Nikaiona sindano.

Sikuzimia. Niandike wazi hapa kwamba sikuzimia. Nilifumba macho kutafakari, na nilipoyafumbua nilikuwa sakafuni, Dahir ameinua miguu yangu juu, ananiambia, "Walaal, ndugu yangu, wewe pumua kwanza. Vuta. Achia polepole. Hivyo." Ndiyo pumzi waliyofundishwa wanawake ya kustahimili uchungu. Sista akawaambia wote wasogee waone, mfano mzuri sana huu. Wakasogea. Hibaq alileta na kiti.

Damu haikutoka hata tone. Ila nimepewa soda. Darasa zima, mimi peke yangu nimekunywa soda! Kwa hiyo kusaini kunalipa, waseme watakavyo.

Baadaye tukamwogesha mwanasesere ndani ya beseni. Dahir alimshika shingo kwa kiganja, akamwogesha, akamfuta, akamfunga nepi, na bado akapata nafasi ya kumpigia mke wake feni kwa daftari. Zamu yangu mwanasesere akaniponyoka mara tatu. Sista akasema angekuwa mtoto wa kweli tungekuwa matangani sasa. Zamzam hakucheka safari hii.

Lazima nifanye mazoezi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimwomba Sista yule mwanasesere kwa siku mbili. Akakataa. Basi nikamwazima bila kumsumbua tena. Mlango wa nyuma wa stoo haufungi vizuri.

Nikamfunika leso ya Zamzam, nikakatisha sokoni. Mchana kweupe, ndiyo, lakini mwizi hupita usiku na mimi si mwizi. Mangi, muuza mkaa, akaona kichwa kimoja na mguu mmoja mdogo vimechomoza. Akapiga ukelele: Mohdhar amepata mtoto!

Ningesema ni mwanasesere. Nilitaka. Lakini mama mmoja alishapiga vigelegele, na mwingine alishanipa tikiti maji. Mzee wa duka la nguo akaniuliza mtoto amefanana na nani. Nikasema mimi. Watu wakataka kumwona uso. Nikasema upepo, upepo, nikaondoka mbio na tikiti maji langu.

Nimemwogesha mara sita uani wakati Zamzam amelala. Hakuniponyoka hata mara moja! Shingo nimeishika sawasawa. Nimemwimbia kidogo. Nakiri, nilipomkausha nilifikiria wangu, nikamfunika leso asipate baridi.

Jioni Bi Fatma amepiga simu kutoka Kipini. Analia kwa furaha. Ananiuliza mbona mtoto amekuja mapema, na mbona habari azipate kwa watu. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Jumapili, 9 Novemba

Amekuja! Kabla ya adhuhuri, amekuja na kuku, kopo la samli na kapu la viungo. Ameingia akipiga vigelegele. Akamkuta binti yake mlangoni na tumbo lake vile vile, anamuuliza mama kulikoni. Nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, mwanasesere alikuwa ananing'inia kwa vibanio viwili akikauka.

Bi Fatma aliketi chini. Aliuliza mara moja tu yule ni nani. Nikaeleza. Zamzam akaniangalia muda wote nikieleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mama mkwe akasema, "Mwanangu Zamzam, funga nguo zako twende."

Hapo Zamzam akanishangaza. Akasema hapana, ameahidi, na bado masomo mawili. Akasema angalau Mohdhar alikuwa anajifunza kuogesha. Aliniteremshia macho fulani ya upole ambayo sijayaona tangu mwezi wa saba. Bi Fatma akasema basi naye atangoja aone.

Mama mkwe analala na Zamzam kitandani. Mimi niko kwenye mkeka, na kuku amefungwa mguu wa meza karibu na kichwa changu. Mwanasesere nimemrudisha stoo. Tikiti maji limeliwa, sikuachiwa hata kipande.

Jumanne, 11 Novemba

Siku ngumu. Nitaandika kwa haki.

Jana nilipata habari kwamba leo kuna semina ya mafuriko pale Minjila. Semina ya kweli! Pilau ya mbuzi! Na fulana zenye kola! Saa ile ile ya darasa. Mtu angefanya nini?

Mpango ulikuwa safi. Saa tatu nisaini zahanati. Saa tatu na robo tumbo linikate. Pikipiki mpaka Minjila, nisaini, nile, nirudi kabla Sista hajamaliza kunyonyesha. Yaani somo la kunyonyesha. Kofia yangu niliiacha juu ya kiti ili nionekane nipo.

Yote yalikwenda sawa. Pilau ilikuwa na viazi. Nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikaketi juu ya kofia yangu, nikatikisa kichwa kwa huzuni kama niliyekuwepo tangu Adamu. Sista akaniuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema ni hali mbaya, nimeshinda chooni. Bi Fatma, ambaye amekuja kama msikilizaji, akaomba nisimame. Nikasimama. Akasoma kwa sauti kifuani pangu: jina la semina, Minjila, tarehe kumi na moja Novemba.

Nilisahau kubadilisha fulana. Ina kola nzuri, jamani.

Zamzam hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Tulipofika nyumbani alikaa, akashika kiuno, akasema anaogopa. Hajawahi kuniambia hivyo. Anaogopa kuzaa, anaogopa damu, anaogopa kwamba siku ile atatafuta uso anaoujua na hatauona. Anataka uso huo uwe wangu, ndiyo maana hajaenda kwao. Akasema Alhamisi kila mume atasimama aeleze mpango wake wa siku ya kuzaa. Nikiueleza wangu kama mtu anayemjali mkewe, atabaki, hata mama yake aseme nini.

Nimeona haya. Kweli kabisa, nimeona haya kwa karibu saa nzima.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeshinda! Halafu nimeshindwa. Niandike kwa mpango.

Jana sikufungua kibanda. Nilizunguka Garsen nzima. Nimepata dereva wa Probox na namba yake, na wa pili endapo wa kwanza atakosa mafuta. Nimepata binamu wawili wenye damu inayofaa na wasioogopa sindano. Begi la Zamzam nimelipanga mwenyewe: leso nne, pamba, nguo za mtoto, kitabu cha kliniki, tochi. Nimekariri dalili zote za hatari nikimsomea kuku.

Dahir alitangulia, akasema vizuri. Halafu mimi. Nilisimama, nikasema yote bila karatasi. Nikasema mke wangu atazaa hapa Garsen, na kwamba maji yakikata barabara ya Kipini mimi sitakuwa upande wa pili, nitakuwa pale alipo. Dahir ndiye alianza kupiga makofi! Hibaq alifuta machozi. Bi Fatma alikohoa, akatazama dirishani, na nikajua nimempata. Zamzam akanishika mkono mbele za watu wote. Hiyo ndiyo dakika niliyopaswa kwenda nyumbani.

Sista akatoa karatasi za mwisho.

Ya kwanza, mahudhurio. Nikasaini. Ya pili, vyandarua. Nikasaini. Nikaona Dahir ameshika kalamu, nikaharakisha. Ya tatu ilikuwa na jina langu peke yangu na mstari mmoja wa saini. Karatasi ya mtu mmoja! Nikajua ni cheti, au ni mambo ya safari. Sista akauliza kama nimesoma. Nikasema yote. Nikasaini kwa mkato ule wa vyeti, wenye mkia.

Sista akaichukua, akaisoma, akanitazama, akasoma tena. Ilikuwa ya kuhamisha faili la Zamzam kwenda Kipini. Bi Fatma aliiomba Jumanne baada ya ile fulana. Sista aliiandika akanipa nikatae mwenyewe. Ilitakiwa nirudishe bila saini, basi. Iliandikwa wazi: mimi, mume, nakubali mke wangu akazalie kwa mama yake.

Nikasema ichanwe! Sista akasema inachanika, haina shida. Lakini Zamzam alikuwa ameshatoa mkono wake kwenye wangu. Akasema polepole, na wote wakasikia, "Siku nimelala pale mezani, wakuletee karatasi ya kunipasua, utaisaini hivi hivi. Huku ukitazama kama Dahir amekutangulia."

Hakuna aliyecheka. Hata Bi Fatma hakucheka.

Ijumaa, 14 Novemba

Wameondoka asubuhi, kabla mto haujapanda zaidi. Begi nililibeba mimi mpaka garini, lile nililolipanga. Zamzam alilifungua, akaona tochi, akatabasamu kidogo, akafunga. Akaniambia nile vizuri. Kuku wamemwacha.

Nyumba haina sauti. Nimempigia simu mara nne. Ya nne Bi Fatma ameipokea akasema nimwache mwana wa watu apumzike.

Jumapili, 30 Novemba

Nimepata binti!

Maji yamekata barabara mbele ya Minjila tangu Jumatano. Nilikwenda mpaka yalipoanzia, nikaingia mpaka kiunoni, askari wakanitoa. Kwa hiyo nilikuwa kibandani, katikati ya simu za watu zinazochaji, Bi Fatma aliponipigia alfajiri. Hakusema salamu. Alisema sikiliza, akaisogeza simu. Nikamsikia. Alilia kwa hasira, kama aliyeamshwa. Nililia nami kwa sauti hata Mangi akaja na maji akidhani nimefiwa. Masikio yangu haya yamesikia, ndiyo, lakini kwa simu yenye ufa, na uso wangu haukuwa pale. Zamzam mzima. Alhamdulillahi. Hakupasuliwa.

Bi Fatma aliniuliza kama nakubali jina. Nikasema nakubali kabla hajalitaja. Anaitwa Safiya. Jina la mama yake Bi Fatma.

Dahir naye amepata, mvulana, juzi hapa hapa Garsen. Alikuwa chumbani tangu mwanzo mpaka mwisho. Nimempa hongera. Sikumpa ile ya moyoni.

Jumanne, 9 Desemba

Barabara imefunguka! Bi Fatma amelainika: Jumamosi niende Kipini, nikae hata wiki. Zamzam amesema kwenye simu kwamba yaliyopita yamepita. Akaniomba jambo moja tu, nisome kila kitu kabla sijatia saini. Nimemwapia. Akasema akijaliwa anataka watano. Nimesema sita!

Mimi sasa ni mtu mpya. Ndivyo nilivyomwambia Sista Hamdia leo nilipopeleka kopo la samli la shukrani. Pale barazani zahanati kulikuwa na meza, na juu ya meza karatasi mpya kabisa, haijaguswa. Kichwa cha maneno kilikuwa kirefu, mstari mzima na nusu, lakini neno WANAUME nimeliona vizuri sana. Nimelisoma lote, herufi kwa herufi. Kwa mara ya kwanza semina ya wanaume tu!

Dahir alikuwa anakuja na mtoto begani. Nikaruka. Namba moja! Mkia na yote.

Dahir akaisoma, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwake. Wivu. Sista ameniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia mimi si mtu wa kusitasita. Ameniuliza kama mke wangu anajua. Nikasema mimi na mke wangu hatufichani kitu. Akanishika bega, akasema laiti wanaume wote wa Garsen wangekuwa na ujasiri huo.

Ni keshokutwa, Alhamisi. Mgeni mkuu ni daktari mzima kutoka Malindi. Nije nimeoga, nivae kikoi, si suruali. Baada ya hapo ni siku mbili za kupumzika, bila kubeba chochote kizito. Siku mbili! Wafadhili hawa si wa kawaida.

Kikoi cha kijani nimeshakipiga pasi. Alhamisi niko mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajajaa.